Rangi Nyeusi Huja Mwisho

Aika mwanangu,

Rangi ya kwanza imeshaingia kwenye fulana yako, nami nimekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa nikingoja ikauke. Ukiona doa la kahawia pembeni mwa karatasi hii usidhani ni mapambo, ni dole gumba langu.

Wewe na mama yako mmepanda Machame kumuaga bibi. Najua yanayoendelea huko. Bibi anaomba, chai inapoa, na mkungu wa ndizi mshare umeshawekwa mlangoni uende nao, kana kwamba Dar es Salaam watu wanakula mchanga. Mtashuka jioni, na kesho alfajiri uko kwenye basi. Habari za chandarua, za soda ya mtu usiyemjua, na za kushonea nauli ya kurudia ndani ya pindo la sketi, mama yako amekwambia wiki nzima. Nyingine aliendelea kuzisema hata baada ya wewe kutoka chumbani. Hapo sina la kuongeza. Mimi nina hofu yangu ya pembeni, tena ya kijinga, na ndiyo maana nakuandikia badala ya kukwambia. Ukiisoma umeshapita Same, hutapata nafasi ya kunicheka usoni.

Hofu yenyewe ni hii fulana.

Juzi uliniwekea mezani karatasi nne za picha yako, kila rangi na karatasi yake, ukasema, "Baba, nichapie moja tu niende nayo. Wanataka kuona kazi yangu ikiwa kwenye kitambaa, si kwenye kompyuta." Nikasema haya, bila kuzitazama. Najua maana yake. Wale wa karakana ya Kariakoo wamekupa wiki ya majaribio. Wakiipenda kazi yako utakaa kwenye kompyuta yao kuwaandalia picha, wasipoipenda utarudi kukaa na mimi na ndoo hii. Baadaye nikazipanga karatasi zako moja juu ya nyingine, nikaziinua dirishani kama ninavyofanya siku zote, mwanga ukapita, na wewe ukanitazama kutoka humo.

"Mbona umejiweka mwenyewe?" nikakuuliza.

"Nimweke nani?"

"Weka mlima. Weka twiga."

"Baba, twiga kila mtu anaye. Sura ndiyo ngumu. Wakiona sura watajua naweza."

Ulikuwa sahihi, na hicho ndicho kilichoniudhi. Nikatoka nje nikajifanya natazama mawingu.

Wewe umekulia humu ndani, kwa hiyo jiulize: sura zote ulizoziona zikipita juu ya meza hii zilikuwa za nani? Tulipoanza tulichapa kwaya za usharika, mashindano ya shule, na milima ya watalii. Sura haikuwepo, sikuijua. Kisha ikaja ile miaka ya ugonjwa ambao watu walikataa kuutaja. Walisema "kaumwa muda mrefu", au "kifua", wakatazama pembeni. Ndipo mtindo ulipoingia wa ukoo mzima kuvaa fulana yenye picha ya marehemu, kuanzia wajomba mpaka vitoto vya mgongoni, wamejipanga kwenye migomba kuzunguka kaburi, mtu mmoja akiwatazama watu wote kutoka vifuani mwao. Mimi kuchapa pua nilijifunza kwa marehemu. Midomo vivyo hivyo. Miaka hiyo mtu aliyekuwa mzima hakuwahi kuja kwangu kuomba sura yake, na mimi sikuwahi kumshawishi.

Subiri kidogo, niiguse rangi.

Imekauka. Nimeshaweka ya pili, ile kahawia nzito ya vivuli, yenye vitone vidogo vya kufifisha rangi. Vitone vyako ni vizuri kuliko vyangu, nakiri hapa kwa sababu hakuna anayesikia. Kwa sasa bado si wewe. Ni kipande cha ngozi chenye mashavu, kinaweza kuwa mtu yeyote wa ukoo wetu, hata shangazi yako. Mpaka hapa moyo umetulia.

Nikungojeshe na mambo ya zamani wakati hii nayo inakauka.

Unajua kompyuta ile niliinunua imeshatumika, na hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza kwa kubonyeza na kuomba Mungu. Siku ya kwanza nilipotenganisha rangi, kila moja kwenye tabaka lake, nilifurahi mno nikachapisha kila karatasi kwa rangi yake yenyewe, nyekundu ikatoka nyekundu, samawati ikatoka samawati, nikazibandika ukutani kama kadi za Krismasi. Nikapaka fremu ya wavu dawa inayogandishwa na jua, nikaweka karatasi ya samawati juu yake, nikaitoa juani. Jua lilipita kwenye samawati ile kama mtu anayepita kwenye shamba lisilo na uzio. Dawa ikaganda kote. Nikaosha, nikaosha, picha haikutokea. Nilidhani nimeuziwa dawa mbovu, nikaenda kugombana dukani, nikagombana vizuri sana, kwa ushahidi. Ilinichukua muda kuelewa kwamba kila tabaka, hata liwe la rangi gani, karatasi yake lazima itoke nyeusi tii. Jua halisomi jina la rangi, linaangalia tu pamezibwa au hapajazibwa. Yule muuza dawa bado hatusalimiani, na ni mimi ninayeona haya.

Halafu ile ya mlima. Ulikuwa mdogo, lakini umeisikia, maana mama yako huisimulia kwenye harusi. Tabaka la mlima na tabaka la maandishi yalikuwa kwenye karatasi mbili, na mimi karatasi ya mlima nikailaza chali. Maandishi yalitoka sawa, kwa hiyo jicho langu likatulia. Fulana zote zikachapwa, zikakunjwa, zikapelekwa kwa kwaya. Jumapili yake kanisa zima likasimama linaimba, na kila kifua kina Mawenzi kushoto na Kibo kulia. Mzee mmoja wa kanisa alinifuata nje.

"Fundi," akasema, "hivi wewe ulihamia lini Kenya?"

"Kwa nini, mzee wangu?"

"Maana huo mlima unauona kutokea kwao."

Hapa Moshi mtu akikosea jina la mtoto wako anasamehewa. Mlima, hapana. Miezi mingi watu walikuwa wakinisalimia kwa kuniuliza habari za Nairobi.

Nakusimulia haya si kwa sababu utayarudia. Wewe una makosa yako mapya yanakungoja, mazuri zaidi, ya kisasa. Nakusimulia ili unielewe mimi ni mtu ambaye huamini kitu kikishaharibika. Ndiyo maana tuligombana mwezi ule juu ya kingo za rangi. Wewe ulitaka kila tabaka liishie pale pale linapoanzia jingine, bila kupandana hata kidogo, kwa sababu kwenye kioo cha kompyuta ilipendeza. Mimi nikasema rangi ya chini iachwe inenepe kidogo, ipite mpaka, nyeusi ije iifunike.

"Baba, kompyuta haikosei."

"Kompyuta haijawahi kuvaa fulana."

"Ni uchafu huo, kupandishana rangi."

"Kitambaa kinavutika, Aika. Fremu inasogea. Mkono unasogea. Ukikata sawasawa, kesho mtu ana mstari mweupe kuzunguka uso kama amevua kofia ya mwizi."

Ukanuna siku mbili. Mama yako alituletea chakula kila mtu na sahani yake, kama mahabusu.

Rangi ya pili iko tayari. Ya tatu ni nyekundu, ya kitambaa cha kichwani na ukosi, hiyo hainitishi. Nimeiweka sasa hivi, safari moja ya raba ya kuburuzia wino, safi. Sasa kuna shavu, kuna kivuli cha pua, kuna kitambaa ulichopewa na bibi, na katikati hakuna mtu. Macho yako kwenye nyeusi. Nywele zako, tundu za pua, mstari wa mdomo, vyote viko kwenye nyeusi, na nyeusi huja mwisho.

Fremu yake nimeshaiandaa. Imeegemea ukuta. Nimeigeuzia mgongo kama mtu anayekwepa mgeni.

Acha nikwambie habari ya Elia, maana ulikuwepo lakini sidhani kama uliiona nilivyoiona mimi.

Kaka yake alikuja kutoka Old Moshi akaweka picha mezani, kijana wa kupandisha watalii mlimani, ana miwani ya theluji kichwani, anacheka. Nikaanza kuandika oda.

"Pole sana. Amefariki lini?"

"Hajafariki."

Nikainua kichwa. "Hajafariki?"

"Bado. Lakini hospitali wametuambia tujiandae. Na nyie watu wa fulana mnachelewesha."

Ningekataa. Badala yake nikaiweka picha kwenye kompyuta, nikaitenganisha, kahawia, kivuli, buluu ya koti, nyeusi. Nilijiambia ni kazi kama kazi nyingine, mtu anaweza kuchonga jeneza mapema. Sikuwa nimechapa bado, ilikuwa ndani ya kompyuta tu. Kisha mchana mmoja, wewe umetoka shule na sare yako, unanisaidia kupunguza vitone, mlango ukafunikwa na mtu mwenye koti kubwa katikati ya joto la Moshi, ameshika fimbo.

"Hodi, fundi. Nimekuja kukagua kazi."

"Kazi gani, ndugu yangu?"

"Ya msiba."

"Msiba wa nani?"

"Wangu."

Mimi nilisimama na raba mkononi. Wewe ndiye uliyesema, "Shikamoo, kaka, karibu," ukamsogezea kiti, ukamgeuzia kioo cha kompyuta aone. Ulikuwa na miaka ya kutoogopa. Akakiinamia.

"Mbona nimekuwa mweupe hivi? Mmenichubua?"

"Ni tabaka moja tu hilo," ukamwambia. "Yapo manne. Ngoja nikuonyeshe." Ukaanza kumfungulia moja moja, kama mtu anayeonyesha vyumba vya nyumba. Kahawia. Kivuli. Koti. Halafu nyeusi, na Elia mzima akatokea anacheka na miwani yake kichwani.

"Hebu zima hiyo ya mwisho," akasema.

Ukabonyeza. Macho yakatoweka.

"Washa."

Ukawasha.

"Zima tena." Ukazima. Akacheka mpaka akakohoa, akashika meza. "Kumbe mimi ni rahisi hivi," akasema. Na wewe ukacheka pamoja naye, Aika, kwa sababu alikuwa mcheshi, na kwa sababu ulikuwa umefurahi kumwelewesha mtu kazi yetu. Akakushukuru kwa Kichagga, "Aika, Aika," mara mbili, moja ya shukrani na moja ya jina lako, akatoka na fimbo yake.

Wiki iliyofuata kaka yake alikuja kuzichukua fulana za mazishi.

Najua utakachosema, maana ulishakisema siku ile: "Baba, alikuwa mgonjwa." Najua alikuwa mgonjwa. Mimi si mtu wa kuamini uchawi, na mchungaji akisoma barua hii atakubali kwamba sijamtaja hata jini mmoja. Lakini mtu akishaona kitu kikifuatana na kingine, akili inaweza kukataa na tumbo likakubali. Tangu siku ile sura ya mtu anayepumua sijaitenganisha. Yule bwana harusi wa Majengo nilimwambia mashine imeharibika. Bibi yako alipotaka picha yake kwenye fulana za Krismasi za ukoo, nikamwambia Walutheri hawaruhusu, akaniangalia vibaya kwa sababu yeye ndiye anayewajua.

Sasa wewe. Mwanangu wa pekee, mzima, una hamu ya kula kuliko kaka zangu wote, unajigawa mwenyewe matabaka manne unaniachia mezani, unakwenda kuaga.

Nikueleze na la mchana huu, kabla hujaligundua mwenyewe. Nilitaka kuhakikisha mpangilio wa rangi, nikaifungua kazi yako kwenye kompyuta. Nilibonyeza kitu. Sijui ni nini, uliyapanga matabaka kwa namna yako na majina yako ya Kiingereza. Nyeusi ikazimika. Nikakuona bila macho, umevaa kitambaa cha bibi.

Nikabonyeza tena, ikazimika na kahawia. Nikabonyeza pengine, ukawa mdogo kama stempu. Jasho likanitoka, Aika, nilikuwa nazungumza peke yangu kama kichaa wa stendi. Nikasema basi, nifunge kila kitu. Na hapo kompyuta ikaniuliza, kwa Kiingereza chake cha upole, kama ningependa kuhifadhi mabadiliko niliyoyafanya.

Nilikaa mbele ya swali hilo. Nilisoma neno kwa neno. Niliogopa kwamba nimeelewa kinyume, kwamba "hapana" yake ndiyo "ndiyo". Nilitoka nje nikamwita yule kijana wa duka la simu, nikamwambia asome, asiguse. Akasoma, akanitazama.

"Si ubonyeze hapana tu, mzee?"

"Una uhakika?"

"Mzee, ni picha tu hiyo."

Nikabonyeza hapana. Nikafungua upya. Ulikuwepo, na macho yako yote. Kazi yako ni salama, sikuhifadhi chochote, na kompyuta sitaigusa tena mpaka urudi Krismasi. Nimeifunika na kanga ya mama yako.

Ndipo nilipokaa na kufikiria kusema fremu imepasuka. Ningeweza. Wewe ungeniamini, ungekwenda mikono mitupu, Jumatatu wangekuomba kitambaa usiwe nacho, na pengine wangekurudisha, na mimi ningekuwa na mwanangu hapa mezani, salama, akinichukia kidogo kidogo bila kujua kwa nini. Nimelipima hilo kwa muda mrefu kuliko mzazi mwema angepaswa. Sitakuandikia nilifikia wapi katika kulipima. Nitakwambia tu kwamba nimeinuka.

Sasa hivi nimeshachapa.

Nililinganisha alama za pembeni, nikamimina nyeusi, na raba ilikuwa inagonga fremu. Nilijua, wakati naburuza, kwamba imesogea. Niliisikia kwenye vidole. Nikainua fremu nikiwa nimefumba macho, jambo ambalo usilifanye kamwe mbele ya mteja, kisha nikafumbua.

Ulikuwa unanitazama, na hapakuwa na mstari mweupe mahali popote. Nikaleta kioo cha kukuzia. Kahawia imepita chini ya nyeusi pande zote, kidogo tu, unene wa uzi. Umeziacha zipandane. Uligombana na mimi, ukanuna, kisha ukaenda ukafanya, na hukuniambia. Kosa la mkono wangu limefunikwa na kazi yako, na watu wa Kariakoo hawatajua kwamba aliyechapa alikuwa anaogopa.

Sijui kama niliyoyasema ya Elia yamekuwa uongo sasa. Bado naogopa. Nilidhani nikishachapa hofu itatoka, haijatoka, imehamia tu, sasa iko kwenye basi, na kwenye chumba utakachopanga ambacho sijakiona, na kwenye afya yako ambayo nitakuwa naiuliza kwa simu na wewe utakuwa unanijibu "niko fresh, baba" hata ukiwa na homa. Utakapoumwa, sema unaumwa. Hilo tu ndilo nakuomba katika barua hii nzima. Hapa kwetu watu wengi wamekufa wakiwa na "kifua".

Kuna jambo moja la ufundi la mwisho. Maisha yangu yote wateja wameniuliza swali lile lile, "Fundi, haitoki hii?" na mimi nimewaapia haitoki, na haitoki, kwa sababu nikishachapa naipiga pasi ya mkaa mpaka rangi inashikana na uzi. Zile za Elia mpaka leo watu wanazilimia huko Old Moshi, uso wake uko vile vile, anacheka kwenye mihogo.

Yako nimeipiga pasi kidogo, kwa makusudi. Jumatatu itapendeza kama nyingine yoyote, ila usiwaache waifue. Baada ya hapo ni yako. Usiitundike ukutani, usimpe mtu aitunze. Ivae. Pikia ndani yake, lala nayo, ifue kwa sabuni ya mche, uisugue kwa nguvu kama mama yako anavyosugua kola zangu. Itaanza kufifia, kahawia kwanza, halafu nyekundu. Mimi hapa nitakuwa nakuuliza kwenye simu imefikia wapi, na wewe utadhani baba anafuatilia ubora wa wino.

Siku macho yatakapokuwa yameisha kabisa kwenye kitambaa na wewe umesimama ndani yake mzima, unapumua, nipigie. Hata iwe usiku wa manane, niamshe.

Baba yako.